Wembe wa Kukunja na Shingo ya Ndevu za Kipilipili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki ni cha mtu mmoja wa pwani aliyetaka kujifunza kujinyoa kwa wembe wa kukunja, ule unaonolewa kwenye jiwe na kupigwa kwenye ukanda wa ngozi. Hakufanya hivyo kwa shida ya pesa wala kwa kukosa kinyozi. Alipenda tu. Nimemwomba ruhusa ya kuandika, akanipa. Jina, kazi na mji wake nimeviondoa, na humu nitamwita Bwana H. Mimi ni kinyozi, nimeshika wembe zaidi ya miaka 30, na niliingia katika kisa hiki wiki ya saba, mambo yakiwa yameshaharibika. Ya wiki sita za mwanzo nimeyaandika kwa maelezo yake na kwa vitu alivyonijia navyo mkononi: wembe, ukanda uliokatwa na jiwe.

## Mhusika na hali yake

Bwana H. alikuwa amevuka miaka 40 kidogo, mtu wa kazi ya mezani. Ndevu zake ni nene, ngumu, za kipilipili. Mashavuni zinalala kuelekea chini, kama za wengi. Shingoni ni habari nyingine: chini ya taya upande wa kulia zinalala kuelekea sikioni, na upande wa kushoto zina mahali zinapozunguka kama maji ya kisima yakitiwa ndoo. Hilo la mzunguko likumbukwe, maana ndilo lililotusumbua hadi mwisho.

Zamani alitumia nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne kwa mpigo, shingo ikamjaa vipele. Akaacha, akahamia kwenye mashine ya umeme, vipele vikatulia. Kwa hiyo alipoanza safari hii, ngozi yake ilikuwa nzima.

Jambo lingine la kumjua ni kwamba anapenda vyombo. Nyumbani ana randa na patasi, anatengeneza viti na makabati siku za mapumziko, na patasi zake ananoa mwenyewe vizuri sana. Ndiyo maana wembe wa kukunja ulimvuta: chombo kimoja cha maisha, hakitupwi, kinamtaka mwenyewe akitunze. Lakini ndani ya mapenzi hayo kulikuwa na tamaa ya pili ambayo hakuitamka wazi. Alikuwa amesikia kwamba makali mamoja hayaleti vipele, akatumaini atapata shingo laini kama ya mtoto. Matakwa mawili yakaingia katika kikapu kimoja, na hakujiuliza likishindikana moja, lipi litabaki.

## Wiki sita za mwanzo

Alinunua wembe mpya wa bei rahisi kupitia simu, na ukanda wa ngozi uliokuja nao. Siku ya kwanza akaujaribu kwenye karatasi, ukakata. Akaujaribu kwenye nywele za mkono, ukanyoa. Akasema wembe uko tayari. Alipouweka shavuni ukavuta ndevu badala ya kuzikata. Akadhani kosa ni mkono wake, kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza, akakaza na kuinua mgongo wa wembe hadi ukasimama karibu nyuzi 45. Ndevu zikatoka, na tabaka la ngozi likatoka nazo.

Wiki ya pili akaanza kutumia ukanda. Hapa ule ujuzi wa patasi ulimponza. Patasi juu ya jiwe wengi tunaisukuma makali yakitangulia. Wembe kwenye ukanda hutangulia mgongo, makali yakiburutwa nyuma, na ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake bila kuuinua. Yeye aligeuzia upande wa makali. Ukanda ule niliuona mwenyewe: mikato mitatu mizito na midogo isiyohesabika. Kila mara wembe ulipopita juu ya mikato hiyo ulirudi na makali yaliyopinda.

Wiki ya nne akaona wembe umezidi kuwa butu, akaunoa kwenye jiwe lake la useremala. Tena kwa mazoea, akauinua mgongo kidogo, kama anavyoinua kisu cha jikoni. Wembe haukuhitaji kuinuliwa. Wa kukunja umeumbwa na kipimo chake ndani yake: unaulaza bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa bapa ndio unaoamua pembe ya makali, kwa kawaida kiasi cha nyuzi 16 au 17. Ukiinua mgongo hata kwa unene wa kucha, unatengeneza pembe mpya pana pembezoni kabisa, na jiwe lenye punje kubwa linaichana. Niliyatazama makali yale kwa lenzi ya fundi saa. Yalikuwa msumeno.

Wiki ya tano na ya sita, kwa kuwa shavu halikuwa linatoka laini, akaanza kunyoa kinyume na mlalo wa ndevu. Siku hiyohiyo uso uling'aa. Siku ya tatu shingo ilivimba.

## Alipofika kwangu

Alikuja jioni, duka likiwa halina watu. "Shikamoo, mzee. Naomba uniangalie shingo." Nilimvuta kwenye taa. Kulikuwa na vipele zaidi ya 20 chini ya taya, vinne au vitano vina usaha, na ule upande wa mzunguko ulikuwa mwekundu mtupu. Akaniuliza swali ambalo kisa kizima kimo ndani yake: "Mzee, ni mkono wangu au ni wembe?"

Sikuwa na jibu, na yeye asingeweza kulipata peke yake. Mkono ulikuwa mgeni na makali hayakujulikana. Kila alipoumia, lawama iliweza kwenda huku au kule, naye kila mara aliipeleka mahali pasipo pake: makali yalipokuwa mabovu alirekebisha mkono, na mkono ulipokosea alinoa.

Wa kumuuliza naye hawapo wengi. King C. Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilisha nchini Marekani mwaka 1904, na tangu hapo kunoa kulianza kutoka mikononi mwa watu. Huku kwetu vinyozi tuliendelea na wembe wa kunoa muda mrefu, ila UKIMWI ulipoingia tuliuacha, na tulifanya vizuri. Siku hizi tunavunja wembe wa dukani katikati, nusu tunaichomeka kwenye mpini, mteja akitoka nusu ile inatupwa. Vijana wanaofungua maduka leo wengi hawajawahi kuushika ukanda.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha wembe kabisa kwa wiki nne. Hakuupenda. Nikamweleza kipele cha ndevu kinavyotokea, maana bila kuelewa hilo angenyoa kwa siri. Unywele wa kipilipili unakua kwa kujikunja. Ukikatwa kwa mshazari unabaki na ncha kali, na ncha ile inaweza kufanya mambo mawili. Inaweza kutoka nje, ikajipinda, ikarudi kuchoma ngozi jirani. Au, ikiwa umekatwa chini ya uso wa ngozi, inachoma ukuta wa kishimo chake hukohuko ndani kabla haijatoka. Mwili unauona unywele huo kama mwiba wa mgeni, unapigana nao, panavimba. Ukiziacha ndevu zirefuke, nyingi zinajinasua zenyewe. Kwa hiyo mashine tu, na ibakize angalau milimita moja. Kwa vile vyenye usaha nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, si kwangu. Kinyozi anayetumbua usaha wa mtu kwa sindano anatafuta makovu, na kwa ngozi zetu makovu ya shingo yanaweza kuinuka yasishuke.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuutenga wembe ule. Niliulaza juu ya kioo cha meza ukacheza: ulikuwa umepinda. Wembe uliopinda hauwezi kunoleka sawasawa, sehemu moja itagusa jiwe na nyingine itaning'inia. Nilimwambia asitupe pesa nyingine humo. Ndugu yake aliyeko Ujerumani akamtafutia wembe wa zamani katika soko la mitumba, uliogongwa mhuri wa Solingen, mji ambao jina lake kwenye vyombo vya makali linalindwa na sheria tangu mwaka 1938. Ulikuja na madoa meusi mgongoni na mpini wenye ufa, lakini kwenye kioo ulilala kimya. Upana wake ni milimita 16 hivi, ncha ya mviringo, mashavu yake, yaani bapa zake mbili, yamechimbwa. Ncha ya mviringo ni muhimu kwa anayeanza. Ya pembe kali ndiyo inayotoboa ndewe la sikio.

Uamuzi wa tatu ndio ninaousimamia zaidi: kuutenganisha mkono na makali, ili katika kila zoezi kitu kimoja kiwe kinajulikana. Kwa mkono, nilimpa mpini wa kinyozi na nyembe za kuvunja. Nusu mpya ya wembe wa dukani ni kali kila siku kwa namna ileile, kwa hiyo ikimuuma kosa ni la mkono na hakuna pa kukimbilia. Akatumia wiki tatu, mashavuni tu, povu zito, wembe umelala kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, bila kukandamiza.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wiki zile tatu nilielewa upya kwa nini. Mimi ninamzunguka mteja. Anayejinyoa hawezi kujizunguka, na kioo kinamgeuzia kila kitu. Shavu la kulia lilikuwa rahisi kwake. La kushoto, mkono wa kulia ulipita mbele ya pua, ukamziba macho, kiwiko kikainuka na pembe ikaharibika bila yeye kujua. Nikamlazimisha kutumia mkono wa kushoto, kwanza na mgongo wa kijiko, kisha na mpini mtupu usio na wembe, ndipo na wembe. Alijikata mara mbili kidevuni, penye mfupa. Shabu ilitosha.

Shabu pia niliifanya kipimo. Ukimaliza kunyoa unalipitisha jiwe la shabu lililoloweshwa uso mzima. Panapowaka moto ndipo ulipokandamiza, hata kama damu haikutoka. Alikuwa akiniambia kwa simu, "Leo imewaka taya la kushoto tu," nami nikajua kiwiko bado kinainuka.

Kwa upande wa makali, wembe wa Solingen niliunoa mimi mara ya kwanza. Wapo watakaosema nilimnyima somo. Nilitaka aonje makali yaliyokamilika kabla hajajaribu kuyatengeneza, kwa sababu mtu hawezi kutafuta kitu ambacho hajawahi kukigusa. Siku aliyonyoa nayo shavuni alinyamaza muda, kisha akasema kwamba ule wembe wake wa kwanza haukuwahi kuwa mkali hata siku moja.

Uamuzi wa nne ulikuwa daftari. Kila anaponyoa aandike: wembe umenyoa mara ya ngapi tangu ulipopita kwenye jiwe, amepita mara ngapi, upande upi, shabu imewaka wapi. Na siku ya tatu atazame tena, aandike vipele vipya na mahali vilipo.

## Kosa langu

Mwezi wa nne nilimruhusu kugusa shingo. Nilimfundisha kama ninavyofanya dukani: vuta ngozi kwa vidole vya mkono wa pili mpaka ikaze kama ngozi ya ngoma, halafu pitisha wembe kufuata mlalo. Wembe wa kukunja unahitaji ngozi iliyonyooka, ikilegea unaikata. Alifanya kama nilivyosema, na mkono wake ulikuwa umeshatulia. Uso ulitoka laini, shabu haikuwaka.

Daftari likaandika siku ya tatu: vipele vitano shingoni. Wiki iliyofuata saba. Nikadhani ni makali, nikaunoa upya wembe. Sita. Nikadhani anapita kinyume bila kujua, nikamwambia anyoe mbele yangu. Hakupita kinyume. Ilichukua karibu mwezi mzima mpaka nilipokubali kwamba kosa limo katika maneno yangu mwenyewe.

Ngozi ikivutwa kwa nguvu, unywele unainuka kutoka kishimoni. Wembe mkali unaukata sawa na uso wa ngozi iliyovutwa. Ukiiachia, ngozi inarudi, na unywele unazama ndani. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ni raha, ndiyo siri ya uso laini. Kwa mwenye ndevu za kipilipili ni ile njia ya pili niliyokuwa nimemweleza mwenyewe, ya ncha kuchoma ukuta wa kishimo chake. Nililijua jambo hilo kwa maneno, lakini mkono wangu haukulijua. Sababu yake nimeifikiria sana. Mteja akiinuka kwenye kiti changu ananishukuru, shingo ikiwa laini. Siku ya tatu yuko kwake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiipima kazi yangu mlangoni, na vipele vya wateja wangu niliviona tu waliporudi, nikavihesabu kuwa ni vya ngozi zao. Daftari la Bwana H. lilinionyesha siku ya tatu ya kazi ya mkono wangu.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kuwanyoa wateja wenye ndevu hizo. Simvuti mtu shingo.

Tukarekebisha: shingoni ngozi isivutwe, inyooshwe tu kwa kuinua kidevu; apite mara moja, kufuata mlalo, na akubali kubaki na ukwaru. Vipele vikashuka hadi kimoja au viwili upande wa kulia. Upande wa mzunguko havikushuka, kwa kuwa pale hakuna mlalo wa kufuata: popote utakapopitisha wembe, baadhi ya ndevu utazipita kinyume.

## Kunoa mwenyewe

Katikati ya hayo akaanza kujifunza jiwe. Kinoo chenye punje laini kinachofaa wembe hakipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi; mawe yake yalitoka nje kwa njia ya yule ndugu, namba 1000, 4000 na 8000; namba ikipanda, punje ni laini zaidi. Lile la 1000 ni la kuweka mteremko wa makali upya, na ukiwa umeshawekwa vizuri hutalihitaji tena kwa muda mrefu. Hayo mawili ya juu yanaondoa mikwaruzo ya lililotangulia.

Niliyomsisitizia ni mawili. La kwanza, jiwe lenyewe liwe tambarare. Unalichora mistari ya penseli, unalisugua juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo mpaka mistari yote ifutike. Ikibaki katikati, jiwe lina shimo. Hili alilijua kutoka kwenye useremala, na hapa patasi zake zilimsaidia kweli. La pili, asihukumu kwa kidole. Alipaka wino mweusi wa kalamu nene kando ya makali pande zote, akapitisha wembe mara chache kwenye jiwe, akaangalia kwa lenzi. Wino ukibaki pembezoni kabisa, jiwe halijafika kwenye makali, na hapo hata ukifika kwenye namba 8000 unasugua hewa. Mara tatu za mwanzo wino ulibaki upande wa kisigino, karibu na mpini. Alikuwa akikandamiza ncha.

Kipimo kinachosifiwa cha kuning'iniza unywele na kuugusisha kwenye makali hakikutufaa. Unywele wetu uliojikunja haukai wima. Tulitumia nywele za mkono, lakini si kwa kuzinyoa. Wembe unapitishwa hewani kiasi cha nusu sentimita juu ya ngozi, na ukiwa tayari unazikata ncha za nywele bila kugusa ngozi. Kunyoa nywele za mkono kwa kugusa ngozi, kama alivyofanya siku ya kwanza, hata kisu kizuri cha jikoni kinaweza.

Mwezi wa nane alinoa mwenyewe tangu 1000 hadi 8000, akaumalizia kwenye ukanda mpya, mara 50 hivi kwenda na kurudi, akanyoa mashavu bila kuvuta. Alinipigia usiku.

Pigo moja lilimpata masika. Aliuacha wembe bafuni katika boksi lake siku nne. Chuma cha zamani cha Solingen hakina kinga ya kutu, na hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Alipoufungua kulikuwa na vidoa vyekundu pembezoni mwa makali, na kutu ikishakula hapo dawa ni jiwe tu, unarudi mpaka chuma safi. Alipoteza kazi ya wiki mbili. Sasa anaukausha kwa kitambaa cha pamba, anaupaka tone la mafuta ya cherehani, na unalala katika droo ya chumbani. Wembe usiotumika kwa wiki anaufungua na kuupaka tena.

## Matokeo

Baada ya miezi kumi na moja hali ilikuwa hivi. Mashavu, juu ya mdomo na kidevu ananyoa kwa wembe wa kukunja mara mbili kwa wiki, dakika 25 kila mara. Shingo yote, pande zote mbili, ameirudisha kwenye mashine inayobakiza milimita moja. Upande wa kulia angeweza kuuendeleza kwa wembe, ila hakupenda shingo yenye sura mbili. Vipele vya usaha havijarudi. Alama nyeusi za wiki zile sita bado zinaonekana, zinafifia polepole.

Kuiacha shingo kulimuuma. Aliniambia wazi kwamba aliingia akitaka uso mzima, na nusu ya uso aliiona kama kushindwa. Muda ulipita ndipo akaanza kuyazungumzia makali zaidi ya shingo. Sasa ana nyembe tatu za zamani alizozirudisha uhai mwenyewe, moja ya Sheffield, mji wa Uingereza, nzito, yenye mashavu yasiyochimbwa, inayohitaji uvumilivu mkubwa kwenye jiwe.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kutenganisha mkono na makali. Wiki sita alizopoteza hazikupotea kwa uzembe; alikuwa mtu makini, akijaribu kila siku. Zilipotea kwa sababu bidii yake yote ilikuwa ikirekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Laiti angeanza na wembe ulionolewa na mtu anayejua, siku ya kwanza angetambua kwamba makali hayavuti, na yote yaliyofuata, kukandamiza, pembe ya 45, kupita kinyume, yasingekuwa na sababu. Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa hazijafikia makali ya kunyolea uso, hata zisizo za bei rahisi. Pesa ya kumlipa mnoaji ingetangulia pesa ya sabuni na brashi.

Ujuzi wa useremala ulimharibia na kumsaidia, na nadhani inafaa kutofautisha. Ulimharibia palipohitajika mwendo wa mkono: kusukuma makali mbele, kuinua mgongo. Ulimsaidia palipohitajika kuelewa kitu: jiwe tambarare, mikwaruzo inayofuatana kutoka punje kubwa hadi ndogo, subira. Ningemjua mapema ningemfundisha mwendo kama asiyejua lolote na kumwachia mawe kama fundi.

Daftari lilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Niliomba liandikwe ili kumchunga yeye, likanichunga mimi. Bila mstari ule wa siku ya tatu ningeendelea kusema ngozi yake ni mbaya. Hata hivyo nililaumu makali kwanza, kisha mkono wake, na mafundisho yangu mwisho, ingawa mafundisho ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebadilika mwezi ule. Huo mpangilio wa lawama ulimgharimu mwezi wa vipele.

Matakwa mawili katika kikapu kimoja lilikuwa kosa la mwanzo ambalo hatukulishughulikia mpaka lilipotulazimisha. Ndevu za kipilipili na shingo laini kabisa ni vitu vinavyogombana, na makali mamoja hayaondoi ugomvi huo, yanaupunguza tu ukikubali kubaki na ukwaru. Ningemwambia hivyo jioni ile ya kwanza. Sikumwambia, nikihofia atakata tamaa, na matokeo yake alikuja kukata tamaa mwezi wa kumi badala ya wiki ya saba.

Kuhusu usafi hatukuteleza. Jirani mmoja aliuona wembe, akaomba anyolewe nao. Bwana H. alikataa, na nilimuunga mkono. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa juu ya chuma kikavu kwa siku saba vikiwa hai, na wembe wenye mpini ulioungwa kwa misumari una nyufa ambazo kitambaa hakifiki. Wembe wa kunoa nyumbani ni wa uso mmoja.

Linabaki suala la zile wiki tatu za nusu wembe. Nusu ile ina kona mbili kali, ni nyembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na haisamehi; mikato miwili ya kidevuni ilitoka hapo, na kwenye wembe wa Solingen hajajikata hata mara moja. Yupo mnoaji mwenzangu, mzee kuliko mimi, anayesema ningempa wembe ulionolewa moja kwa moja na kuurudisha kwangu kila wiki niukague, makali yangejulikana vilevile na kidevu kingesalimika. Nimejibu kwamba asingeweza kuja kila wiki, na kwamba ukanda wake wa kwanza ungeyaharibu makali kati ya Jumamosi na Jumamosi bila mimi kujua. Mzee hajakubali. Mwezi ujao atamchukua mwanafunzi wake kwa njia hiyo, na nimempa daftari tupu.